Hukumu Imetoka Lini?

Ukifika mezani kwa Karani ukaanza na shikamoo, umeshaharibu. Alikuwa anakutazama mikono kwanza, kuona kama umeshika karatasi, halafu anauliza, "Hukumu imetoka lini?" Mtu katoka Kamsamba huko kwenye joto, vumbi mpaka kwenye kope, anataka kusalimiwa kama binadamu, anakutana na swali hilo. Wengine walinuna. Mzee mmoja aligeuka akaondoka zake kabisa, akarudi baada ya saa nzima, tarehe kaiandika kiganjani kwa kalamu.

"Haya, sasa tuko pamoja," Karani akamwambia, akahesabu kwa vidole. "Zimebaki siku sita za kukata rufaa. Shikamoo mzee wangu. Habari za Kamsamba? Mpunga umekubali mwaka huu?"

Yaani salamu alikuwa nazo, tena ndefu, za kuulizia mpaka ng'ombe wa jirani. Ila zilikuja baada ya tarehe. Na ajabu yake ni kwamba madereva wa Zambia waliopita pale kuandikiwa barua ya gari kuharibika aliwapokea kwa salamu yao, "mulishani" ya kuvuta, anacheka nao, anawatania kuhusu foleni ya mpakani. Nilipomuuliza kwa nini wageni wanasalimiwa na sisi hatusalimiwi, alijibu bila kuinua macho, "Wao hawana rufaa."

Mimi ni mtu wa kuuliza. Mama anasema nilizaliwa mdomo uko wazi. Wakati huo nilikuwa nimemaliza kidato cha sita, nasubiri matokeo, nimetoka kwetu Ihanda nakaa kwa mjomba wangu, mtaa wa Chapwa. Mjomba ana malori. Ili nisishinde ndani naangalia tamthilia, alinitafutia kazi ya kuchapa kwenye steshenari moja pale Tunduma, karibu na mahakama ya mwanzo. Karani alikuwa amestaafu ukarani wa mahakama hiyohiyo, akahamishia meza yake barazani kwetu, hatua chache tu kutoka alikofanyia kazi miaka yote. Yeye aliandika kwa mkono, mimi nikachapa: barua, malalamiko, rufaa, viapo. Nilimuuliza alizaliwa wapi, aliolewa na nani, kwa nini anavaa saa mbili, moja kila mkono. Jibu lilikuwa moja: "Chapa." Kwa hiyo msinitegemee kwa mambo ya ukoo. Sikuyapata.

Nilichopata ni namna yake ya kufanya kazi, na hiyo sijaiona kwa mtu mwingine. Alikuwa anakusimulisha kesi yako mara tatu. Mara ya kwanza unasema unavyotaka, na matusi yako yote, na yeye anachonga penseli tu, haandiki hata herufi. Mara ya pili unasimulia bila matusi. Mara ya tatu ndiyo balaa: unasimulia bila kumtaja adui yako hata kidogo. Ulifanya nini wewe, siku gani, nani alikuona, karatasi iko wapi. "Mtoe huyo mtu nje," alikuwa anasema. "Halafu tuone humu ndani kimebaki nini."

Wengi walikwama hapo. Nakumbuka mjane mmoja ambaye shemeji zake walimchukulia cherehani. Mara ya kwanza alilia, ya pili akalia, ya tatu akaanza, akakatisha, akashika mdomo. "Jamani! Kumbe risiti ninayo. Iko kwenye Biblia." Karani akaweka penseli, akashika kalamu. Barua ilitoka nusu ukurasa, na cherehani ikarudi kabla ya Pasaka.

Sasa nisimpambe. Karani alikuwa na kisirani. Mteja akirudia neno, anamkatiza. Aliwahubiria watu uvumilivu siku nzima, na yeye chai ikichelewa dakika tano anagombana na mama ntilie mpaka barabarani. Alikuwa mbahili wa maneno hadi nikichapa "kwa heshima na taadhima" anafuta "taadhima", eti heshima moja inatosha. Na kuna mara alikosea vibaya. Alimwandikia kijana mmoja wa bodaboda barua ya kudai pikipiki yake, akaipeleka ofisi isiyo yenyewe, kijana akazungushwa miezi. Karani hakuomba msamaha. Ila kwa muda wote huo, kila alipokwenda sokoni, alipanda pikipiki ya kukodi ya kijana yuleyule, hata kama kuna bodaboda iliyosimama karibu zaidi.

Mawakili hakuwapenda. Aliwaita "wenye majoho". Lakini akipita mmoja barazani, alisimama! Mwanamke mzima, miguu inamuuma, anasimama mpaka joho lipite, halafu anakaa na kuanza kumsema. Nikamuuliza, mama, unamheshimu au humheshimu? Akasema anaheshimu joho, aliyelivaa bado anamchunguza.

Alikuwa anawachunguza kweli. Alikuwa na daftari kubwa la mistari, lile la kuandikia mahudhurio shuleni, na humo aliwaandika mawakili wote aliowahi kuwaona mahakamani: siku waliyotakiwa kuja, kama walikuja, walimtetea nani, na kama mteja alikuwa hana kitu, je, walikuja vilevile? Miaka na miaka ya alama za vema na mkasi. Pembeni ya majina machache, nilihesabu matatu, aliandika kwa wino mwekundu neno moja tu: wakili. Wengine wote walibaki na majina yao matupu.

Sasa nifike kwenye jambo langu.

Nilitaka kusoma sheria kwa sababu ya shamba la mama. Baba alipofariki, jirani alisogeza mpaka wa shamba, akala nusu ya kahawa yetu. Tukaenda kwenye baraza la ardhi, tukashindwa, tukaambiwa tuna haki ya kukata rufaa. Ilikuwa msimu wa kuvuna. Mama akasema tumalize kahawa kwanza, ndipo tushughulikie karatasi. Kwetu hilo halina ubishi, kahawa ikiiva haingoji, hata msiba unapangiwa zamu. Tukamaliza kuvuna, tukaanika, tukauza, tukaenda na barua yetu safi. Siku zilikuwa zimepita kitambo. Nilipomsimulia Karani, mara zote tatu, aliniuliza kwa nini hatukuomba kuongezewa muda. Nikasema hatukujua kama kuna kitu hicho. "Mahakama haivuni kahawa, binti," akasema, na siku hiyo alininunulia soda.

Matokeo yakatoka, nimefaulu. Mjomba akafurahi kuliko mimi. Usiku huo mezani alitoa kijitabu chenye picha ya geti na maua, chuo binafsi cha Dar, kinachosifika.

"Nakulipia kila kitu," akasema. "Chuo, na ule mwaka wa mafunzo ya uwakili juu yake. Ukimaliza unarudi hapa ofisini kwangu. Malori yakikwama mpakani, wewe unayakwamua. Miaka mitano, sita. Baada ya hapo nenda kawatetee wajane wako, nani atakukataza?"

Mjomba si mtu mbaya, na ninampenda. Maneno yake yalikuwa mazuri, na niliona nikiyakataa nitaonekana sina akili. Chuo kingine nilichokuwa nakifikiria kilikuwa cha umma, Mbeya, ada yake nafuu, ila nako ingebidi niombe mkopo wa serikali na nilale kwa mama mdogo, chumba kimoja na watoto wake wanne. Nikampelekea Karani vyote viwili, kijitabu cha geti na karatasi za Mbeya, nikitegemea aniambie.

Wapi! Alichukua kijitabu, akatazama geti, akakigeuza upande wa pili kama anatafuta tarehe. "Geti zuri," akasema. Halafu akafungua lile daftari. "Hawa sita wanakuja mahakamani wiki hii. Kaa benchi la nyuma. Wakitoka, waulize mambo matatu. Alisoma wapi. Nani alilipa. Na simu ikilia akiwa na mteja, anaangalia nini kwanza, mteja au jina kwenye simu? Hilo la tatu usiulize. Litazame."

Wacha nikuambie, ni wiki niliyojifunza mengi kuliko kidato cha sita chote. Nilidhani nitakuta waliosoma pa bei rahisi ni watu wema na wa bei ghali ni mafisi. Haikuwa hivyo hata kidogo. Kijana wa viatu vya kung'aa, aliyesoma chuo kilekile cha geti, ndiye aliyeongea nami vizuri kuliko wote. Alinipa hata nusu ya chapati yake. "Dada yangu," akasema, "mimi niliingia huku nikitaka kesi za ardhi za vijijini. Bado nazitaka. Ila kuna tajiri alinilipia, na kazi zake haziishi." Simu ikalia, akaangalia jina, akasimama na chapati mdomoni, bibi aliyekuwa anamsubiri akaachwa na mdomo wazi. Mwanamama mmoja aliyesoma chuo cha umma, joho limepauka mabegani, alinijibu kwa ukali kwamba hana muda wa mahojiano. Lakini simu yake ililia mara nne akiwa na mteja wake, mzee wa Ileje asiyesikia vizuri, na mara zote nne hakuitazama. Na mmoja wa wale watatu wa wino mwekundu alisoma chuo cha ghali kabisa. Alilipiwa na kanisa, na kanisa halikumdai chochote.

Nikarudi kwa Karani nimechanganyikiwa. "Kumbe siyo chuo, mama."

"Nilisema ni chuo?"

"Sasa ni nini?"

"Ukikaa na mtu mbele yako, nani ana haki ya kukuinua kwenye kiti? Anza na hilo. Chuo utakachokimudu bila huyo mtu, hicho ndicho chako." Kisha akaanza maswali ambayo mimi wala Mjomba hatukuwa tumeyafikiria. Je, hicho chuo wanafunzi wanatoka kwenda vijijini kusikiliza watu, au wanasoma vitabu tu? Mchele utatoka wapi? Ule mwaka wa Dar baada ya shahada, ambao bila huo huwi wakili, utauishije? Aliwajua vijana watatu wa Tunduma wenye shahada ya sheria waliokwamia hapohapo. Mmoja alikuwa anauza vocha ng'ambo ya barabara, tukamwita, akatueleza mwenyewe. Alitumia kila kitu kwenye miaka ya mwanzo, chuo cha maana, hosteli ya maana, ulipofika mwaka wa Dar hakuna aliyebaki na kitu. Alisimulia anacheka.

Ni siku hiyo nilipomuuliza kwa nini yeye hakusoma sheria, na kichwa kile. Nilitegemea "chapa". Akavua saa moja, akaifuta kwa khanga, akairudisha. "Na mimi nilikuwa na tarehe yangu," akasema. Nikangoja. Malori yakapiga honi huko kwenye foleni, mteja akaja, ikaishia hapo. Mpaka leo najiuliza ilikuwa tarehe ya nini.

Nikachagua Mbeya. Mjomba alininunia wiki mbili, ananisalimia kupitia kwa mkewe. Nami nikiwa bado najisifu kwa uamuzi wangu, nikafanya upuuzi ambao ungenirudisha kwake nikiwa nimepiga magoti. Fomu ya mkopo ilitaka sahihi ya mama na muhuri wa mtendaji wa kijiji, na dirisha lilikuwa linakaribia kufungwa. Nikampigia mama. "Mwanangu, kahawa imeiva yote kwa mpigo, vibarua hawapatikani. Njoo wiki ijayo tukimaliza." Nami, mtoto wa Ihanda, nikasema sawa mama. Nilimsimulia Karani kama habari tu, huku nachapa.

"Dirisha linafungwa lini?"

"Ijumaa."

"Leo ni nini?"

Ilikuwa Jumatano. Sijawahi kuona mtu akikunja meza kwa hasira vile. Aliwaambia wateja watatu waje kesho yake, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, akachukua pochi, na saa nne tulikuwa kwenye basi la Kosta.

Tulimkuta mama katikati ya mistari ya kahawa, kikapu kiunoni. Nilidhani Karani atamhubiria. Alijifunga khanga, akiwa na viatu vyake vya mahakamani, akamvua mama kikapu. "Dada, nenda kwa mtendaji na mtoto. Mstari huu nauchuma mimi."

"Unajua kuchuma?"

"Sijui."

Na kweli hakujua. Tulipoondoka alikuwa anang'oa mbichi na mbivu pamoja. Njiani mama alitembea polepole mno, nikaanza kumharakisha, akasimama. "Karatasi ya mwisho niliyotia sahihi, kwenye baraza la ardhi, bila kusomewa," akasema, "ndiyo iliyochukua shamba." Kumbe haikuwa kahawa peke yake. Miaka yote ile mama alikuwa anaogopa kalamu, na mimi niliyejiita mdadisi sikuwahi kumuuliza. Nililia hapo barabarani kama mtoto, mama akanifuta machozi kwa mkono wenye utomvu wa kahawa. Kwa mtendaji nilimsomea fomu yote, mstari kwa mstari, mara mbili. Akatia sahihi. Tuliporudi Karani alikuwa amejaza nusu kikapu cha maafa, na mama anamsema mpaka leo kwa matawi aliyoyavunja.

Mkopo ulitoka, haukutosha, tukabanana. Mchele wa Kamsamba nililetewa na yule mzee wa tarehe ya kiganjani, gunia kila muhula. Ule mwaka wa Dar ulilipwa na kahawa iliyobaki, na Mjomba, ambaye hasira zilimwisha, alinipa nauli na kitanda. Hakutaka ahadi. Siku hizi niko Vwawa, ofisi ya msaada wa sheria, vyumba viwili juu ya duka la pembejeo. Mshahara wangu ukiusikia utacheka.

Mwezi uliopita, saa tano asubuhi, mlango ukafunguliwa akaingia Karani. Amekonda. Saa zote mbili zimelegea kwenye mikono. Nikaruka kutoka kwenye kiti, shikamoo iko kwenye ulimi, ndipo nikaona ameshika karatasi.

"Hukumu imetoka lini, mama?"

Aliitaja. Nikahesabu kwa vidole, nikahesabu tena kwenye kalenda ya ukutani. Siku ya mwisho ilikuwa hiyohiyo.

"Mama! Wewe?"

"Nilikuwa na watu mezani," akasema, na kwa mara ya kwanza nikamwona anatazama chini.

Nyumba aliyokuwa anaishi, huko Tunduma, ndugu wa marehemu mumewe walikuwa wamemshinda kwenye baraza la ardhi na kupewa kiwanja. Ofisi ya kupokea rufaa inafungwa saa tisa na nusu. Nikavuta kiti. Simu ikatetemeka mezani, jina la Mjomba, bila shaka lori. Nikaigeuza kifudifudi. Karani aliona.

"Haya, nisimulie."

Akaanza na shemeji yake. Loo! Yule mama aliyefuta "taadhima" za watu alimtukana shemeji yake kwa Kiswahili, akamalizia kwa Kinyiha. Sikuwa na penseli ya kuchonga, nikaweka kalamu chini na kungoja. Akaelewa, akakasirika, akacheka. Mara ya pili matusi yalipungua. Mara ya tatu nikamwambia, "Mtoe huyo mtu nje, mama."

Akazungusha saa ya kushoto. "Kiwanja nilinunua mimi," akasema taratibu. "Kabla sijaolewa. Mauziano tuliandikishana kwa mwenyekiti." Halafu akashika mdomo, kama yule mjane wa cherehani. Akafungua mkoba, akatoa lile daftari la mistari, na nyuma kabisa, katikati ya jalada na karatasi ya mwisho, ilikuwepo. Imekunjwa mara nne, muhuri unasomeka. Kwenye baraza la ardhi hakuipeleka. Miaka yote hiyo alikuwa akiwatafutia wengine karatasi zao.

Niliandika, nikachapa mwenyewe, tukateremka ngazi nikiwa nimemshika mkono, na saa tisa kasorobo rufaa ilikuwa imepokelewa na kugongwa muhuri wa siku hiyo. Kesi bado. Tunaweza kushinda, tunaweza kushindwa. Lakini tumo ndani ya muda.

Nje ya ofisi ile kuna benchi la saruji. Akakaa, akaangalia ule muhuri kwa karibu sana, kama mtu asiyeamini macho yake, kisha akaikunja nakala na kuitia kwenye daftari.

"Haya," akasema. "Sasa nisalimie."

"Shikamoo mama."

"Marahaba, wakili."